Beseni la Kijani Hadi Butiama

Mmeniuliza nilikuwa wapi wiki zote hizi, na zaidi mmeniuliza kwa nini kucha zangu zimekuwa za kijani. Nimechoka kumweleza mmoja mmoja, maana kila ninayemweleza ananiuliza swali ambalo mimi mwenyewe sijalipatia jibu. Sasa naandika mara moja, someni wote. Mkifika mahali mkaona mmepotea, msirudi nyuma kutafuta mlichoruka. Hapo hata mimi nilipotea.

Musoma

Asubuhi hiyo niliamka Mwigobero, kwenye kibanda cha rafiki anayeshona nyavu, nikaona miguu haitaki kukaa. Mnanijua. Niliacha shule darasa la sita, na sikuacha kwa sababu masomo yalinishinda. Dirisha la darasa letu lilitazama barabara. Nikavaa viatu, nikanunua muhogo wa kuchoma, nikashika upande wenye kivuli.

Nje ya ofisi moja nilimkuta mama amekaa kwenye ngazi, miguuni ameweka beseni pana la plastiki. Ndani mlikuwa na maji ya kijani, kijani kizito, kama mtu amekamua shamba zima la matembele. Mama alikuwa anayakoroga kwa mwiko wa ugali, polepole, macho yake yakiwa mlangoni kwa wakubwa. Nikasimama. Nikamwuliza kama anauza rangi ya nguo. Akasema hapana. Mboga? Hapana. Nikamwuliza kama ni dawa.

“Ukisema dawa watanikamata,” akasema. “Kaa hapa unikorogee, niingie mara ya mwisho.”

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Sikuambiwa ninakoroga nini wala kwa nini. Niliambiwa tu nisiache, na nisifunike kabisa kwa sababu kinapumua. Nilikoroga mpaka muhogo wangu ukapoa mfukoni.

Aliitwa Nyangeta. Mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, anatembea kwa kuegemea kulia kwa sababu goti liliharibika kwenye mashamba ya pamba. Alipotoka alikaa tena pale pale kwenye ngazi, akanieleza, nami nawaeleza nilivyoelewa.

Kile kilichokuwa kwenye beseni ni mwani, ule mdogo usioonekana kwa jicho mmoja mmoja, unaoitwa spirulina. Anaufuga kwenye matangi ya saruji nje kidogo ya Butiama, kwa maji ya kisima, anauchuja, anaukausha, unakuwa unga wa kutia kwenye uji. Walikuwa kikundi cha watu tisa. Lakini upande wa Murangi kuna bwana mmoja alichota ule utando wa kijani unaojaa ziwani maji yakitulia, ule ambao hata ng'ombe akiunywa anaugua. Akauanika kwenye nyavu za dagaa, akausaga, akauza magulioni kwa jina lile lile la mwani wa uji. Watu wakatapika. Yule bwana akatoweka, na badala yake ikaja amri: yeyote anayefuga kijani cha majini bila kibali, amwage matangi yake kabla ya Jumamosi.

Nikamwuliza kwa nini asichukue kibali.

“Ndicho ninachotafuta,” akasema. “Kibali kinatakiwa, ila hakuna anayekitoa.”

Watu wa samaki walimwambia kitu chake hakina mapezi, aende kilimo. Kilimo wakasema hakioti udongoni, aende afya. Afya wakasema kama ni chakula alete kwanza karatasi ya hao wawili. Ndani humo alimotoka sasa hivi, kijana mmoja mpole alikuwa amemfungulia kanuni za mwani kabisa, akazisoma zote kwa sauti, mwisho akagundua ni za baharini. Akamshauri ahamie pwani.

Mimi maisha yangu nimejua dawa moja ya serikali, nayo ni kupita njia nyingine. Nikamshauri aweke turubai juu ya matangi, afunge mdomo, Jumamosi ipite. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi aliyepanda juu ya bati.

“Sitaki waniache, mwanangu. Nataka waje. Waje wapime maji, waje waandike. Wasipoandika, mimi na yule wa Murangi tutakuwa kitu kimoja mpaka tufe.”

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa mara ya kwanza. Sikuwahi kuona mtu anayelilia kukaguliwa. Nikabeba beseni ili nione mwisho wake.

Barabara ya Bunda

Tulipata lifti kwenye pikapu iliyokuwa inapeleka barafu kwa wanunuzi wa samaki. Nyangeta alikaa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia ya barafu, beseni mapajani. Nilikoroga mwani huku makalio yameganda. Nyangeta alikuwa amenionya kwamba mwani hupenda joto, kwa hiyo nilivua koti langu nikalizungushia beseni. Nilibaki na fulana. Jua la Mara linachoma utosini na barafu inakula chini, na katikati yupo mtu anayekoroga. Watoto wa njiani walinipungia mkono, nami nikawapungia mwiko.

Kabla ya Makutano tairi likapasuka. Dereva hakuwa na jeki, alikuwa na simu ya mtu mwenye jeki. Tulikaa kando ya barabara kama saa mbili nzima tukisikia barafu ikilia tone, tone, tone. Mama mmoja akapita na matikiti, akaona beseni, akataka kujua ni ugonjwa gani. Nikamwambia si ugonjwa, ni chakula. Akaniangalia kwa huruma, akanipa kipande cha tikiti bure. Naamini aliamini kwamba hicho cha kijani ndicho ninachokula mimi.

Tulipofika Makutano, Nyangeta aligonga kioo cha nyuma, akanionyesha barabara inayokata kushoto. Kwao ni huko. Matangi ni huko, na kikao cha kata ambacho kitasikiliza shauri lao ni huko huko, kesho saa nane mchana, kikao pekee kabla ya Jumamosi. Pikapu ikapita moja kwa moja, ikaelekea Bunda. Nikapiga kelele kwamba tumepitiliza.

“Mimi nina mwani,” akasema kwenye dirisha. “Maneno yako Guta.”

Sikuelewa. Nikaendelea kukoroga.

Kabasa

Maneno yaliyokuwa Guta yalikuwa ya Magesa, mwenyekiti wa kikundi chao. Zamani alikuwa karani wa kupima pamba, na ndiye aliyeandika kwenye daftari kila kitu ambacho kikundi kinataka kuiomba serikali. Lakini tulifika Bunda jua limeshalala, na pikipiki za kwenda Guta zilikuwa zinataka bei ya ajabu, basi tukaenda kulala Kabasa kwa dada yake Magesa. Huyo ni mama mnene wa maneno machache, na nyumba yake inanukia kitunguu.

Alitupokea kama ndugu. Akatupa maji ya kunawa, akamwuliza Nyangeta habari za goti, akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia mimi ni wa beseni. Akalichukua beseni mikononi mwangu akaingia nalo jikoni, nami nikaona ni heshima, mgeni hapaswi kushika mzigo.

Tulikula ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mweusi, mzito, na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wakavu, waliopikwa kwa karanga. Nilikuwa na njaa sikuuliza kitu. Baadaye mwenyeji akaomba radhi kwamba ule mlenda tuliouleta hajauweka mezani, kwa sababu ameuwekea magadi lakini unakataa kuvutika.

Nyangeta aliacha kutafuna. Nami nikarudisha tonge sahanini, maana mlenda hatukuleta.

Tukakimbilia jikoni, watatu kwa pamoja, tukakwama mlangoni. Beseni lilikuwa pembeni ya jiko. Bahati nzuri halikuwa juu ya moto. Kandokando ya maji palikuwa na chembe nyeupe za magadi zinazoyeyuka. Nikajua nimeua. Nyangeta akachota kwa kiganja, akanusa, akasogeza karibu na koroboi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye kigoda cha watu.

“Dada,” akamwambia mwenyeji, “umeilisha. Hii inakulaga magadi.”

Kumbe ndicho chakula chake. Maji yake huwekewa magadi ndiyo mwani unanenepa, tena yale ya kupikia maharage. Mwenyeji hakucheka. Aliona aibu kwamba amelisha kitu cha mgeni bila kujua ni mnyama au ni mboga, akaniuliza pembeni ni kipi kati ya hivyo viwili. Nikamwambia wakubwa wa Musoma bado wanalitafuta jibu hilo.

Guta

Asubuhi tulimkuta Magesa nyuma ya nyumba yake. Mzee mwembamba, suruali imekazwa kwa kamba ya katani. Alikuwa amesimama kando ya tangi la saruji, na ndani ya tangi wamelala mbuzi watatu. Hapakuwa na tone la maji.

Nyangeta hakusalimia. Alishika ukingo wa tangi akatazama chini kwa muda mrefu.

“Ulimwaga lini?”

“Wiki iliyopita. Barua ilisema tumwage, nikamwaga.”

“Wote?”

“Mwite yeyote, atakwambia amemwaga. Wote wamemwaga, mama. Umebaki wewe.”

Hapo nilielewa jambo moja tu katika safari nzima, nalo lilinitosha. Mbegu ya mwani haichipui yenyewe tu popote. Ile waliyokuwa nayo walipewa na mtu wa mbali aliyekwisha kufariki, wakagawana kama watu wanavyogawana moto wa jirani. Sasa mioto yote ilikuwa imezimwa isipokuwa matangi ya Nyangeta na lile beseni nililokuwa nimelishika. Jumamosi ikifika, imekwisha. Nikaangalia mikono yangu. Mbegu hiyo nilikuwa nimeikorogea barafuni, nimeiacha jikoni.

Magesa alisema haendi Butiama. Alisema hivi hivi, bila hasira, kama mtu anayesema haendi gulioni. Daftari atatupa. Nyangeta akamwambia daftari halina mdomo.

“Mimi niliyemwaga, nikasimame pale nikawaambie nini?” akauliza Magesa. “Wataniambia, mzee, mbona wewe umetii na hujafa?”

“Utawaambia ulitii. Na utawaambia humo sasa wanalala mbuzi.”

Magesa akawatazama mbuzi. Akaingia ndani. Tukangoja, nikadhani anajiandaa, kumbe anatafuta koti. Alitafuta koti zaidi ya saa nzima, mkewe naye akatafuta, na jirani aliyekuja kuomba kiberiti akaingizwa kazini. Lilipatikana limetandikwa chini ya kuku anayeatamia. Walibishana kama kuku aondolewe. Kuku akashinda. Magesa alikuja Butiama amevaa shati la kanisani, bila koti, na njia nzima alikuwa anajishika kifuani akitafuta mifuko.

Kikao cha Butiama

Tulirudi Makutano, tukakata ile barabara tuliyoipita jana, tukafika saa nane na nusu. Kikao kilikuwa hakijaanza. Mwenyekiti wake, diwani, alikuwa ameenda kutenganisha mafahali wawili wa jirani yake. Alipokuja, viatu vilikuwa na samadi na fimbo ya kuchungia akaiweka mezani juu ya makaratasi. Wajumbe walikuwa kama kumi, wengi wakulima na wafugaji. Kulikuwa na katibu mwenye kitabu kikubwa, na afisa mmoja wa afya aliyevaa tai.

Magesa alisoma daftari. Nilikuwa nimekaa naye. Aliomba waruhusiwe kufuga, lakini maombi yenyewe yalinishangaza, kwa sababu karibu yote yalikuwa ya kujifunga. Maji yasitoke ziwani kamwe. Matangi yawe na uzio na paa la nailoni. Mkaguzi aje siku yoyote bila taarifa. Maji yaliyotumika yasimwagwe mtoni, yarudishwe tangini. Unga usiondoke mahali bila karatasi ya kuonyesha umetoka kwa nani. Alipomaliza akaongeza kwa sauti ndogo, kitu ambacho hakikuwa daftarini: “Mimi langu nimeshamwaga. Wanalala mbuzi.”

Afisa alisema, kwa adabu, kwamba anawaelewa, ila kitaalamu kitu hiki hakipo kwenye orodha yake, na kisichokuwa kwenye orodha hawezi kukiruhusu. Wajumbe wakaanza kuchungulia beseni kwa zamu. Mmoja akasema ni ule ule uchafu wa ziwani. Mwingine akasema hapana, ule unanuka. Wakabishana kuhusu harufu. Nikaona Nyangeta ameshika kingo za kiti kwa mikono miwili.

Mwishowe mwenyekiti akaelekeza fimbo kwenye beseni.

“Inakula nini?”

“Magadi, mheshimiwa,” akajibu Nyangeta. “Na mwanga.”

“Magadi haya haya?”

“Haya haya.”

“Ng'ombe wangu wanalambaga magadi.” Akafikiri. “Inazaa?”

“Inazaa sana. Ukiitunza, tangi moja linajaza la pili.”

“Na mnakula nini kwake? Mnaichinja?”

“Hapana. Asubuhi kabla jua halijawa kali tunachuja kwa kitambaa. Tunachukua sehemu, nyingine tunaiacha iendelee.”

“Mnakamua, mnamwachia ndama,” akasema mwenyekiti. Akawageukia wajumbe. “Inakula magadi, inazaa, inakamuliwa asubuhi, ikifa mama ukoo umekwisha. Hii ni mifugo.”

Nilitazama nyuso nikitafuta atakayecheka. Hakucheka mtu. Mzee mmoja wa pembeni akatikisa kichwa taratibu, kama aliyekuwa na neno hilo mdomoni tangu mwanzo akakosa tu pa kulitema. Afisa akainuka. Akasema, mheshimiwa, kisayansi huyu si mnyama.

“Idara yako inamtaka?”

“Si kwamba haimtaki. Hayupo kwenye orodha.”

“Basi, mura,” akasema mwenyekiti, kama wanavyomwita kijana huko, “usiyemtaka mtoto usimchagulie jina.”

Katibu akafungua sheria ndogo za mifugo za kata yao, akaanza kuzisoma. Mifugo ikae ndani ya zizi. Mifugo yenye afya isinyweshwe penye ugonjwa. Mganga wa mifugo anaweza kuingia zizini siku yoyote. Mfugo hautoki kijijini bila karatasi. Magesa akafungua daftari lake tena, kidole kikawa kinafuata mstari kwa mstari, na kila katibu alipotua, kidole nacho kilitua. Walikuwa wameandika sheria ya ng'ombe bila kujua.

Uamuzi ukawa huu: daftari la Magesa litapelekwa juu pamoja na barua ya kata, kuomba mwani wa matangini uandikiwe kanuni zake. Mpaka jibu litakapokuja, kata inautambua kama mifugo, na mifugo haimwagwi. Aliyemwaga anaweza kuanza tena. Afisa aliomba naye awe anakuja kupima maji, na Nyangeta akamwambia aje hata kesho. Nadhani afisa huyo hajawahi kukaribishwa hivyo kazini kwake.

Tatizo likawa kitabu. Katibu aliuliza idadi ya vichwa. Nyangeta akasema hawahesabiki. Katibu akasema safu haiwezi kubaki wazi. Walikaa hapo muda mrefu kuliko walivyokaa kwenye uamuzi wenyewe, mpaka mwenyekiti akaamuru iandikwe “kundi moja”. Kisha safu iliyofuata: mchungaji, jina lake, anayelala zizini. Mwenye mali hajichungii, wakasema, sheria inataka mtu wa pili. Watoto wa Nyangeta wako Mwanza na Tarime. Magesa ana mbuzi wa kuhamisha. Nyangeta akageuka polepole kwenye kiti, akaniangalia kupitia kile kioo cha miwani chenye uzi.

“Wewe,” akasema, “leo unalala wapi?”

Kwa Nyangeta

Mwenyekiti alisema hasaini kundi asiloliona, basi tukaenda wote kwa miguu, yeye mbele na fimbo, katibu na kitabu, Magesa akijishika kifua. Ni mwendo wa kama nusu saa, unapita mashamba ya mihogo na mawe makubwa yaliyobebana. Matangi ni matatu, chini ya nailoni inayotoa jasho kwa ndani. Ukiingia unapigwa na joto na harufu kama ya majani yaliyokatwa sasa hivi. Kijani chake kilikuwa kizito kuliko cha beseni, kimetulia, kinameta kidogo jua la alasiri likikigusa.

Mwenyekiti aliyazunguka yote matatu. Akauliza dume ni yupi. Nyangeta akamwambia hakuna dume. Akasimama hapo akilifikiria hilo kwa muda, halafu akaliacha, kama mtu anayeacha mzigo wa mwingine njiani.

Nyangeta akamimina beseni langu kwenye tangi la mwisho. Nilidhani nitayaona maji yake yakiingia, lakini yalipotea papo hapo, kijani ndani ya kijani. Sikuweza tena kujua niliyobeba ni yapi. Magesa akaomba chupa. Alijaziwa moja kubwa, akaikumbatia, akaondoka nayo kwenda barabarani bila kuaga, anatembea kama anayebeba mayai.

Katibu alikuwa ameshika kalamu juu ya ile safu ya mchungaji, tayari kuandika jina langu. Mwenyekiti akamzuia. Alisema kwao mchungaji hakabidhiwi kundi kabla hajaonja maziwa yake, la sivyo kundi halimjui naye halijui. Nyangeta akachuja kidogo kwa kitambaa, akakamua maji, kikabaki kitu laini kama siagi, cha kijani karibu cheusi. Akakiweka kwenye kipande cha kiazi kilichochemshwa, akanipa.

Nilikuwa nimelala nacho, nimepanda nacho pikapu, nimekitetea kwa mama wa matikiti, na sikuwahi kukitia mdomoni. Wote watatu walikuwa wananiangalia. Nikala. Kina ladha ya majani mabichi na kiini cha yai, halafu hakina ladha kabisa, na unabaki unajiuliza kama ulikula. Nikaomba kingine.

“Mwandike,” akasema mwenyekiti.

Walipoondoka, Nyangeta alinipeleka kwenye chumba cha matofali mwisho wa matangi. Kulikuwa na kitanda cha kamba, gunia la magadi, dirisha dogo lisilo na kioo. Akakung'uta godoro. Akaniambia maji ya kuoga yako kwenye ndoo ya bluu, ya njano nisiiguse, na kwamba kazi huanza kabla jua halijachomoza. Nikamwuliza nitafanya nini nikiona kitu nisichokielewa.

“Koroga,” akasema, akaniachia mwiko, akaenda nyumbani kwake.